Malimbikizo ya Ruzuku kwa Jamaa Walioko Uingereza: Kikomo cha Akiba, Zaka na Amana Zinazoletwa Visiwani

Bismillahir Rahmanir Rahim

Ndugu zetu wengi wa Unguja na Pemba wana mtu wao Uingereza: kaka, shangazi, mama mkubwa, au mtoto aliyeolewa huko. Baadhi ya jamaa hao wanaishi kwa misaada ya serikali, ambayo wenyewe huiita benefiti, kwa sababu ya maradhi, uzee, kulea watoto peke yao au mshahara mdogo. Hutokea siku moja mtu huyo akafungua akaunti yake akakuta pauni elfu kadhaa ambazo hakuzitarajia. Habari hufika visiwani kabla ya barua ya maelezo haijafika kwake. Ndipo maswali yanapoanza: je, atakatwa ruzuku yake? Azihamishie kwa ndugu? Zina Zaka?

Fedha hizo huitwa malimbikizo. Ni haki yake ya nyuma ambayo haikulipwa kwa wakati. Mara nyingi hutokana na rufaa: mgonjwa anaomba PIP, ambayo ni posho ya ulemavu, anakataliwa, anakata rufaa, na baada ya mwaka au zaidi anashinda na kulipwa miezi yote iliyopita kwa mkupuo. (Scotland wana posho yao wenyewe badala ya PIP, lakini mwendo ni huo huo.) Mara nyingine ofisi yenyewe hugundua ilikosea. Mwaka 2018 wakaguzi wa hesabu za serikali ya Uingereza walikadiria kuwa watu wapatao 70,000 walilipwa pungufu walipohamishwa kutoka posho ya zamani ya wagonjwa kwenda posho mpya kuanzia 2011. Na Januari 2021 ilianza kazi ya kutafuta wanawake walioolewa, wajane na wazee wa miaka zaidi ya 80 ambao pensheni yao ya uzeeni ilipunjwa. Kwa hiyo mtu akipata fedha za namna hii asione haya. Si hongo wala si bahati nasibu. Ni deni lililolipwa, na ni halali yake.

Sasa tuje kwenye kikomo cha akiba, maana hapa ndipo watu wanapoogopa bila sababu, au wanapotumbukia.

Si kila ruzuku inaangalia akiba. PIP, posho ya wazee wanaohitaji kuangaliwa, posho ya anayemlea mgonjwa na pensheni ya uzeeni hazijali una kiasi gani benki. Zinazojali ni zile za wenye kipato kidogo, na kubwa kati ya hizo ni Universal Credit. Kwa Universal Credit, akiba ya mtu na mwenzi wake pamoja ikiwa haizidi pauni 6,000, haiguswi. Ikizidi 16,000, haki inaondoka kabisa. Ikiwa kati ya hapo, kila pauni 250 zilizo juu ya 6,000, au sehemu yake, huhesabiwa kama kipato cha pauni 4.35 kwa mwezi, na kiasi hicho hupunguzwa kwenye ruzuku. Viwango hivi vya 6,000 na 16,000 vimekaa hapo hapo tangu 2006, kana kwamba bei ya mkate na kodi ya nyumba nazo zimesimama. Wazee walio kwenye Pension Credit wana nafuu zaidi: pauni 10,000 za mwanzo haziangaliwi, kila 500 zinazozidi huhesabiwa kama pauni 1 kwa wiki, na hakuna kikomo cha juu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: malimbikizo mengi ya ruzuku hayahesabiwi kuwa akiba kwa miezi 12 tangu siku yalipopokelewa. Sheria imetoa msamaha huo kwa sababu ingekuwa dhulma serikali ichelewe kumlipa mtu, kisha impokonye kwa hoja kwamba sasa ana fedha nyingi. Tuchukue mfano. Mtu ana pauni 800 benki, akashinda rufaa ya PIP na kulipwa 8,300. Jumla ni 9,100, lakini kwa mwaka mzima Universal Credit inatazama zile 800 tu, na hakatwi kitu. Mwaka ukiisha na fedha zote zikiwa bado zipo, msamaha umekwisha. Ziada ya 3,100 inakuwa mafungu 13, na atapunguziwa pauni 56.55 kila mwezi. Si maafa, lakini ni vyema ajue mapema.

Malimbikizo yakiwa pauni 5,000 au zaidi na yamelipwa kwa sababu ofisi yenyewe ilikosea, msamaha unaweza kuvuka miezi 12 na kuendelea maadamu mtu anaendelea na ruzuku ile ile. Kushinda rufaa peke yake hakumaanishi kuwa ofisi ilifanya kosa la namna hiyo, basi barua isomwe kwa makini. Na malimbikizo ya pensheni ya uzeeni yasichukuliwe moja kwa moja kuwa yamo ndani ya msamaha huu. Yana kanuni zake.

Kwa hiyo mwenye kupata malimbikizo aiweke barua ile kama anavyoweka hati ya nyumba, kwani ndiyo inayoonesha fedha ni za ruzuku gani na za kipindi gani. Aziweke kwenye akaunti ya peke yake ili zisichanganyike na za matumizi. Na aitaarifu ofisi, hata kama anajua hazihesabiwi. Kunyamaza ndiko kunakoleta barua kali baadaye: kurudisha kilicholipwa zaidi, faini ya pauni 50 kwa uzembe wa kutotoa taarifa, na mashtaka ikithibiti kuwa mtu alidanganya kwa makusudi. Kwa ushauri wa bure zipo ofisi za Citizens Advice katika miji mingi.

Tatizo kubwa tunaloliona linatuhusu sisi tulio huku. Mtu anaambiwa na ndugu zake, "Zilete huku, nani atajua? Mwekee kaka yako, zikae kwa jina lake." Hapa tuseme wazi. Mali iliyowekwa kwa kaka Mwanakwerekwe bado ni mali ya mwenyewe, kisheria na kisharia. Akaunti ya PBZ yenye jina lake inahesabiwa sawa na akaunti ya London. Kiwanja alichonunua Fuoni nacho kinahesabiwa, kwa bei ya soko, na ikiwa kukiuza kutakuwa na gharama, hupunguzwa asilimia 10. Nyumba anayoishi mwenyewe haihesabiwi. Nyumba nyingine ambayo mzazi wake aliyefikia umri wa pensheni anaishi humo kama makazi yake, kanuni za Universal Credit zinaiacha nje pia. Hili ni muhimu kwa wenye nyumba ya mama huku, nalo lielezwe kwa ofisi, lisifichwe.

Anayeomba ruzuku huweka saini kwamba aliyoyasema ni kweli. Hiyo ni ahadi, na aya ya kwanza ya Surat al-Maaida inatuamrisha kutimiza ahadi, bila kubagua kama tuliyeahidiana naye ni Muislamu au si Muislamu. Wanaosema mali ya serikali ya kikafiri ni halali kuichukua kwa hila hawana msingi, na wanazuoni wengi wamelikemea jambo hili. Ndugu wa huku anayekubali kuficha naye anashiriki katika uongo ule.

Kisha fikiria kaka huyo akifariki. Fedha zipo kwa jina lake. Mjane na watoto wake wanaziona ni mirathi; dada aliyeko Uingereza anasema ni zake, lakini hana karatasi, na hawezi kwenda mahakama ya Kadhi kudai fedha alizokwisha kuiambia ofisi ya huko kuwa hana. Hapo huvunjika udugu wa miaka. Amana ya kweli haina tabu hii: huandikwa, hushuhudiwa, na mwenyewe hutajwa. Surat an-Nisaa aya ya 58 inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe, na mwenye kushika mali ya mtu huwaambia watu wake wa karibu kuwa ile si yake.

Je, basi hawezi kuwasaidia ndugu? Anaweza. Kumtumia mama fedha za matumizi kama alivyozoea hakuna ubaya. Linalokatazwa ni kugawa mali kwa lengo la kujionesha hana, ili apate au aongezewe ruzuku. Ofisi ikiridhika kuwa nia ilikuwa hiyo, humhesabia kana kwamba fedha bado anazo: mkononi hana, na kwenye hesabu anazo. Kwa upande mwingine, Universal Credit haimlaumu mtu kwa kulipa madeni yake, wala kwa kununua vitu na huduma zinazoelekea kwa hali yake. Na sisi kwetu deni ndilo linalotangulia sadaka. Mwenye madeni ya kodi, ya umeme, au ya ndugu aliyemkopesha wakati wa shida, aanze hapo, na aweke risiti. Jamaa wa visiwani wanaosubiri mchango wa harusi wawe na subira kidogo.

Ama Zaka, kwa fedha hizi hesabu huanza siku alipozipokea. Kabla ya hapo zilikuwa mikononi mwa serikali, hakuwa na uwezo nazo, na hata haki yenyewe ilikuwa inabishaniwa. Rai tunayoiona ina nguvu ni kwamba hatoi Zaka ya miaka iliyopita. Akizipokea, na zikafikia nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu au gramu 595 za fedha, na zikabaki hivyo mwaka mzima wa Kiislamu, hutoa asilimia 2.5 ya kilichobaki. Alichokwisha kulipa deni au kutumia ndani ya mwaka hakimo. Kwa madhehebu ya Imam Shafi'i yaliyoenea visiwani, mali mpya kama hii ina mwaka wake, hata kama mtu ana mali nyingine yenye mwaka wake. Akitaka kuziunganisha kwa kutanguliza Zaka ya hii, inafaa.

Angalia kuwa miaka hii miwili hailingani. Mwaka wa Zaka ni wa mwezi, siku 354 au 355. Msamaha wa Universal Credit ni miezi 12 ya kalenda ya kawaida. Kwa hiyo Zaka humfikia mtu siku kama 11 kabla msamaha haujaisha. Aiandike tarehe ya Hijria ya siku aliyopokea pembeni ya tarehe ya benki, na Zaka aitoe kwa wakati wake.

Kuwa yeye mwenyewe anapokea ruzuku hakumwondolei Zaka ikiwa nisabu imetimia. Anaweza kuipeleka kwa ndugu, ami, shangazi au jirani wa huku aliye fukara, na ni sadaka na kuunga udugu kwa pamoja. Wazazi wake na watoto wake ambao matumizi yao ni juu yake hawapewi Zaka yake kwa fungu la mafukara; hao huwapa katika mali yake nyingine. Aihifadhi risiti ya fedha hizo pia, ili akiulizwa fedha zimekwenda wapi awe na la kuonesha.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.