Asili ya Tundu la Donati

Mtu akisikia neno historia, mara hufikiri habari za wafalme na vita. Lakini hata chakula kidogo kina historia yake, naye aichunguzaye hupata faida. Leo, wasomaji wapenzi, natutazame andazi moja la Wamarekani liitwalo donati. Umbo lake ni kama kata ambayo mwanamke huiweka kichwani chini ya mtungi: ni la mviringo, na katikati mna tundu. Je, tundu hilo lilitoka wapi? Na kile kipande kilichoondolewa kilikwenda wapi?

Hapo kwanza tundu halikuwako. Katika karne ya 17 Waholanzi walijenga mji katika Amerika ya Kaskazini, wakauita New Amsterdam. Waingereza walipoutwaa mwaka 1664, wakaubadili jina kuwa New York. Waholanzi hao walikuwa na andazi lao, jina lake olykoek, yaani mkate wa mafuta. Lilikuwa donge la unga mtamu lililokaangwa katika mafuta ya nguruwe. Mwaka 1809 mwandishi Washington Irving aliyataja madonge hayo katika kitabu chake cha habari za New York, akayaita pia kwa jina la Kiingereza, nalo ndilo hili la donati.

Donge lile lilikuwa na ila moja, ambayo kila mama akaangaye maandazi aijua. Moto huingia kutoka nje kwenda ndani. Donge likiwa nene, nje huiva upesi na kuwa jekundu, bali ndani hubaki bichi. Ukiliacha karaini mpaka ndani paive, nje huungua. Basi ufanyeje?

Jibu lililo mashuhuri ni la baharia mmoja wa jimbo la Maine, jina lake Hanson Gregory. Mwaka 1916, naye amekwisha kuwa mzee, gazeti la Washington Post lilichapisha masimulizi yake. Alisema ya kuwa yapata mwaka 1847, alipokuwa kijana wa miaka 16, alifanya kazi katika merikebu ya biashara ya chokaa. Mabaharia walipewa maandazi yaliyoiva kandokando na kubaki mabichi katikati, yakawalemea tumboni. Ndipo alipotwaa kifuniko cha kopo la bati la pilipili, akakikandamiza katikati ya andazi, akalitoboa. Alipofika nyumbani, akamfundisha mama yake.

Je, tumsadiki? Ushahidi huo ni wa mtu mmoja, tena ulitolewa miaka karibu 70 baada ya jambo lenyewe. Wala mkate wenye tundu haukuwa kitu kipya duniani, maana Wayahudi wa mji wa Kraków, katika Polandi, waliutaja mkate wao wa pete katika kanuni zao za mwaka 1610. Kwa hiyo tusiseme kwamba Gregory alikuwa mtu wa kwanza kutoboa mkate, ijapokuwa watu wa kwao Rockport walimwekea kibao cha ukumbusho mwaka 1947. Lakini sababu aliyoitaja ni ya kweli, na kila mtu aweza kuijaribu jikoni kwake. Andazi likitobolewa, mafuta ya moto huligusa nje na ndani ya tundu, wala hapana sehemu iliyo mbali na moto; lote huiva pamoja. Katika historia mara nyingi mambo huwa hivyo: ni vigumu kumthibitisha aliyetangulia, bali haja iliyowasukuma watu yaonekana wazi.

Habari hiyo ina mfano wake katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1917 wanawake wawili wa Jeshi la Wokovu, Helen Purviance na Margaret Sheldon, walikuwa Ufaransa wakiwahudumia askari wa Marekani. Vyakula vilikuwa haba, ila walikuwa na unga, sukari, mafuta, hamira na maziwa ya kopo. Wakakanda, wakasukuma unga kwa chupa, wakakaanga maandazi saba kwa mara moja katika kikaango kidogo. Siku ya kwanza walipata 150. Askari wakapanga mstari matopeni, wakingoja. Baadaye wakaomba yenye tundu, kama ya kwao. Basi mhunzi mzee wa Kifaransa akaunganisha kifuniko cha kopo la maziwa na kijikopo chembamba, kikawa kikatio. Tazameni, kama vile merikebuni, hapa pia kopo tupu lilifanya kazi.

Askari waliporudi kwao, waliendelea kuyapenda maandazi hayo. Mwaka 1920 Adolph Levitt, mzaliwa wa Urusi aliyekaa New York, akatengeneza mashine ya kuyafanya. Mashine za namna hiyo hudondosha unga mafutani ukiwa tayari na umbo la pete, hata hapana kipande cha kutupa.

Na kile kipande cha katikati? Majumbani kilikandwa tena pamoja na unga mwingine, au kilikaangwa kwa ajili ya watoto. Mwishowe wafanya biashara wakaona faida. Kampuni ya Dunkin' Donuts ilianza kuuza vidonge vidogo mwaka 1972, na Tim Hortons ya Kanada mwaka 1976. Watu huviita tundu za donati, lakini vile vya viwandani kwa kawaida havikukatwa katika donati yo yote. Hufanywa peke yake, vidonge tangu mwanzo.

Basi andazi limezunguka likarudi kwao. Waholanzi walianza na donge. Donge likatobolewa ili liive. Kisha watu wakanunua donge dogo, wakidhani ni kipande kilichopotea. Atazamaye tundu aweza kudhani kuna kitu kilichopungua. Kumbe pale palipoondolewa kidogo ndipo palipoponya andazi zima.