Fremu za Chuma na Matetemeko ya Ardhi Mwambao wa Ziwa Nyasa

Mwambao wa Ziwa Nyasa kwa upande wa Ruvuma, kuanzia Lituhi kupitia Liuli hadi Mbamba Bay, upo ndani ya Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Ufa huo ndio ulioliumba ziwa lenyewe, ambalo kina chake hufikia takriban mita 700. Ardhi ya ukanda huu haijatulia. Desemba 13, 1910 tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4 lilitokea eneo la Rukwa. Machi 10, 1989 jingine lilipiga Salima nchini Malawi. Desemba 2009 mfululizo wa matetemeko, kubwa kuliko yote likiwa la 6.0, ulibomoa nyumba nyingi Karonga, ng'ambo ya ziwa. Bukoba nayo ilitikiswa Septemba 10, 2016 kwa tetemeko la 5.9 lililosababisha vifo vya watu 17 mkoani Kagera.

Zilizoanguka kwa wingi zilikuwa nyumba za tofali zisizofungwa kwa nondo wala lenta. Majengo ya fremu za chuma hayakutajwa sana, pengine kwa kuwa yalikuwa machache. Hali hiyo inabadilika. Barabara ya lami kutoka Mbinga na uboreshaji wa Bandari ya Mbamba Bay vinafungua njia ya maghala na majengo makubwa ya umma.

Fremu yenye nguzo na boriti pekee huyumba ardhi inapotikisika, hivyo wahandisi huifunga kwa vyuma vya mshazari. Udhaifu wa chuma hicho ni ule wa ufito: ukivutwa hustahimili, ukisukumwa kutoka nchani hupinda. Tetemeko huvuta na kusukuma kwa zamu ndani ya sekunde chache, na chuma kilichokwisha kupinda hupoteza nguvu, kisha hukatika.

Wahandisi wa Japani walipata ufumbuzi katika miaka ya 1980. Kiini cha chuma huwekwa ndani ya bomba la chuma lililojazwa zege au mota, na kati yake huwekwa tabaka jembamba la kuzuia kushikamana. Kiini peke yake ndicho kinachobeba mzigo; bomba hukizuia kupinda. Hivyo hunyumbuka kwa namna inayokaribia kulingana kinapovutwa na kinaposukumwa, na nishati ya tetemeko huishia humo badala ya kuharibu nguzo. Marekani iliupokea mfumo huu baada ya tetemeko la Northridge la Januari 17, 1994, lililopasua viungio vingi vya kuchomelea vya fremu zilizodhaniwa kuwa imara.

Mfumo huo una kasoro zake. Baada ya mtikisiko mkubwa jengo laweza kubaki limeinama, kwa kuwa kiini kilichonyumbuka hakirudi chenyewe mahali pake. Mabamba ya kuunganishia yakiwa membamba hupinda kabla ya kiini kufanya kazi, na hapo gharama yote huwa imepotea. Vyuma vyenyewe hutengenezwa viwandani na hupaswa kufanyiwa majaribio. Havifai kubuniwa na fundi kwenye eneo la ujenzi.

Kwa nyumba ya kawaida ya Mbinga teknolojia hii haihitajiki. Msingi imara, nondo katika pembe, lenta inayozunguka kuta zote na paa jepesi lililofungwa vizuri hutosha kupunguza vifo. Kwa ghala au hospitali ya ghorofa, uamuzi ni wa mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), akizingatia udongo wa mahali na taarifa za matetemeko za Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST) iliyopo Dodoma.