Majaji wa Nairobi na Namna ya Kuisoma Katiba

Kila Mahakama ya Juu ya Kenya inapotoa uamuzi mzito, watu huwahesabu majaji kama wanavyohesabiwa wabunge: huyu wa serikali, yule wa upinzani, mwingine wa kwao. Hesabu hiyo ni nyepesi na ina utamu wake, lakini haielezi mengi. Kilichowatenganisha majaji hao tangu 2011 ni mgogoro mkongwe kuliko mahakama yenyewe: Katiba isomwe kama sheria nyingine yoyote, au isomwe kwa kukumbuka maovu ambayo wananchi walikusudia kuyakomesha? Mwaka 1969, katika kesi ya El Mann, Mahakama Kuu ilishika njia ya kwanza, kwamba Katiba ni sheria na maneno yake yana maana yake ya kawaida, basi. Jibu hilo halikuwa la kijinga, kwa kuwa jaji anayefungwa na maneno hawezi kujitungia mamlaka. Ila kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa limezaa kituko: walalamikaji waliambiwa haki zao za kikatiba haziwezi kutekelezwa kwa sababu Jaji Mkuu hajatunga kanuni za kuendeshea kesi za aina hiyo. Haki zilikuwepo kwenye karatasi, na mlango wa kuzifikia ulifungwa na yule yule aliyepaswa kuufungua. Mwaka 2004, katika kesi ya Njoya, Jaji Aaron Ringera alikwenda upande wa pili na kuitazama Katiba kama chombo kilicho hai.

Mgogoro huo uliingia na majaji wa kwanza wa Mahakama ya Juu iliyoundwa na Katiba ya 2010. Jaji Mkuu Willy Mutunga, aliyewahi kuwekwa kizuizini enzi za Rais Moi na ambaye hata kipini cha sikioni kilimletea maswali alipohojiwa kwa ajili ya kazi hiyo, aliamini kwamba Katiba mpya ilikuja kubadilisha jamii. Desemba 2012 imani hiyo ilipimwa. Mwanasheria Mkuu aliuliza kama sharti kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wabunge lilipaswa kutimizwa katika uchaguzi wa Machi 2013. Majaji wengi walisema litimizwe hatua kwa hatua, wakalipa Bunge hadi 27 Agosti 2015 kutunga sheria. Mutunga, peke yake, alisema ni sasa. Miongoni mwa hao wengi alikuwa Njoki Ndung'u, mwanamke ambaye akiwa mbunge ndiye aliyeusukuma muswada uliozaa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006. Anayetaka kumtabiri jaji kwa jinsia yake au harakati zake za zamani aanzie hapo. Sheria ile haikupatikana, na Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais Uhuru Kenyatta alivunje Bunge. Halikuvunjwa.

Kesi za urais zinaonyesha jambo lile lile kwa sauti kubwa zaidi. Mwaka 2013 majaji sita, Mutunga akiwemo, walikubaliana bila kupingana kuitupa kesi ya Raila Odinga ya kupinga ushindi wa Kenyatta, na hati ya kiapo ya upande wake yenye mamia ya kurasa ilikataliwa kwa kuletwa nje ya muda. Wakosoaji walishangaa, kwa sababu Katiba hiyo hiyo inazitaka mahakama zisiyape masuala ya kiufundi uzito kupita kiasi. Nadhani mshangao wao ulikuwa wa haki. Falsafa ya jaji si kamba inayomvuta kila mahali. Lakini tazama 1 Septemba 2017, ushindi wa Kenyatta ulipofutwa kwa kura nne dhidi ya mbili. Waliofuta ni Maraga, Philomena Mwilu, Smokin Wanjala na Isaac Lenaola. Waliopinga ni Jackton Ojwang na Ndung'u. Upande wa walio wengi uliona kwamba uchaguzi ulioendeshwa kinyume cha misingi ya Katiba unaweza kubatilishwa hata kabla ya kuthibitisha kwamba idadi ya kura ingebadilika. Waliopinga walitaka kwanza waone kura zenyewe zimeguswa wapi. Kati ya wale wanne, watatu walikuwa wameingia mahakamani mwaka uliotangulia. Katika majaji watatu wa 2013 walioketi tena, ni Wanjala tu aliyefuta.

Hapo mtu atauliza: kama wageni ndio waliogeuza mambo, je, si siasa za uteuzi tu? Pingamizi hilo lina nguvu, ila linagonga mwamba. Wageni wale watatu waliteuliwa na Kenyatta mwenyewe, kwa majina yaliyopendekezwa na Tume ya Huduma za Mahakama, kisha wakamfutia ushindi wake. Tena miezi mitatu baadaye, Desemba 2017, majaji sita wale wale walisema kwa kauli moja, katika kesi ya Muruatetu, kwamba hukumu ya lazima ya kifo kwa mauaji inavunja Katiba. Waliogawanyika kuhusu kura hawakugawanyika kuhusu kitanzi. Kambi za kisiasa hazigawanyiki na kuungana kwa mtindo huo.

Mtindo huo ulionekana tena Machi 2022, katika kesi ya BBI, mpango wa kurekebisha Katiba uliosukumwa na Rais Kenyatta: Wanjala, Mwilu na Lenaola, watatu wa wale wanne wa 2017, walikuwa pamoja na Ndung'u katika kukataa kwamba Katiba ina muundo wa msingi usioweza kurekebishwa kwa taratibu za kawaida. Bado mahakama hiyo hiyo ilishikilia kuwa Rais hawezi kuanzisha marekebisho kwa njia iliyotengewa wananchi. Kuhusu muundo wa msingi, aliyebaki peke yake ni Mohamed Ibrahim, jaji ambaye ugonjwa ulimzuia kushiriki uamuzi wa 2017.