Rangi za Kaskazi na Kusi: Historia ya Pambo la Nyumba Pwani

Lugha ya Kiswahili ina vivumishi vitatu tu vya asili vya rangi: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine imeziokota njiani. Manjano ni kiungo cha mchuzi. Kijani ni majani. Kijivu ni jivu la mekoni. Kahawia ni kahawa. Zambarau na chungwa ni matunda. Samawati ni mbingu, kwa Kiarabu. Waridi ni ua. Na ule wekundu uliokolea mpaka ukaelekea weusi tunauita damu ya mzee. Sisi tunaofanya kazi ya kutafsiri hukutana na jambo hili kila siku. Mwenzetu wa lugha nyingine hutaja rangi, nasi hutaja kitu, na kitu hicho kina mahali pake uani na wakati wake katika mwaka.

Jambo hili nalichukua kuwa ni ushahidi wa historia. Linatuambia kwamba watu wa pwani na visiwa vyetu hawakuitafuta rangi mbali na maisha yao. Waliipokea kutoka kwa upepo, wakaichuma msimu ulipofika, wakaisuka na kuipaka kwa mikono. Leo, tunapotaka kupamba nyumba, hukimbilia kuuliza nini kinachouzwa. Wazee wetu waliuliza kwanza huu ni wakati gani. Lakini tusiwapambe wazee kupita kiasi, kwani hadithi ya pambo la nyumba ni pia hadithi ya nani aliyeruhusiwa kupamba na nani aliyebeba mawe.

Mwaka wa pwani una hesabu mbili. Ya kwanza ni ya mwezi, ambayo kwayo Ramadhani, Idi na Maulidi hutangulia kwa siku kama 11 kila mwaka wa jua. Ya pili ni ya Nairuzi, hesabu ya jua, ambayo manahodha na wakulima waliigawa katika miongo ya siku kumi kumi ili wajue lini kaskazi itashika, lini bahari itafunga na lini mpunga upandwe. Watu wa Makunduchi huadhimisha mwaka huo hadi leo, mwezi wa Julai, kwa sherehe za Mwaka Kogwa. Nyumba ilipambwa kwa hesabu zote mbili: mwezi uliamua siku ya kupamba, jua likaamua kitakachopatikana. Ndiyo maana Idi ya kiangazi na Idi ya masika, japokuwa ni sikukuu moja, hazikuweza kuwa na nyumba moja.

Tuanze na weupe, kwa kuwa ndio uliokuwa ardhi ya rangi nyingine zote. Chokaa ya pwani ilitoka baharini. Magogo yalipangwa kwa duara, mawe ya matumbawe yakapangwa juu yake, tanuu likawashwa na kuachwa liungue. Hii ilikuwa kazi ya siku kavu. Baada ya moto, mawe yaliyoiva yalinyweshwa maji, na chokaa nzuri iliachwa muda mrefu ilainike kabla ya kuguswa na fundi. Mawe ya kuta za kawaida yalichimbwa nchi kavu. Lakini kwa miimo ya milango, mihirabu na nakshi, mafundi walikata matumbawe yaliyokuwa yangali hai majini, kwa sababu yakiwa mabichi ni laini, hukubali patasi, kisha hukauka na kuwa magumu. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haikuweza kubeba uzito kwa urefu mkubwa, vyumba vilikuwa na upana wa mita 2.5 hadi 3 tu. Ukubwa wa chumba, basi, uliamuliwa na mti kabla haujaamuliwa na mwenye nyumba.

Ndani ya chumba hicho chembamba, mwanga ulikuwa mchache, na weupe wa chokaa ndio uliouzidisha. Katika nyumba za mawe za Lamu, Pate na Siyu, hasa zile zilizojengwa katika karne ya 18, mafundi waliupandisha ufundi huu mpaka ukafika kileleni. Kadiri mtu alivyoingia, kutoka daka na kiwanda, kupita misana, hadi kufika ndani, ndivyo ukuta ulivyozidi kupambwa. Na huko ndani, mahali pa faragha palipohusu arusi, uzazi na mauti, ndiko kulikokuwa na zidaka: safu juu ya safu za vishubaka vilivyochongwa kwenye chokaa, na ndani yake mkapangwa sahani na mabakuli. Hapo ndipo ilipoingia samawati. Vyombo vyeupe vyenye michoro ya buluu vilitoka Uchina kwa mkono wa wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, na thamani yake ilikuwa kubwa hata vikapachikwa kwenye majengo ya ibada na ya wafu: yako mabakuli ya Kichina yaliyopambia kuba za Msikiti Mkuu wa Kilwa, na mengine kwenye nguzo ya kaburi la Mambrui.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotaka kuwaonyesha watu wake kuporomoka kwa Pate katika utenzi wa Al-Inkishafi, alivitumia vidaka hivyo hivyo kuwa ni alama ya utajiri uliopita, akaonyesha jinsi ndege walivyoshika nafasi ya vyombo. Msomaji wa wakati wake hakuhitaji maelezo. Kidaka kitupu kilikuwa ni msiba unaoonekana kwa macho.

Sahani hizo zililetwa na kaskazi. Kuanzia kama Desemba hadi Machi, upepo huo uliteremsha majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, yakiwa na tende, chumvi, mazulia, makasha na nguo. Mji ulijaa wageni na rangi. Kisha upepo uligeuka. Masika yakaja, kusi ikashika, na majahazi yakapanda kurudi yakiwa na karafuu na boriti. Boriti za mikoko ya pwani yetu ziliezeka nyumba za Oman, Bahrain na Kuwait, nchi zisizo na miti ya kutosha ya kujengea. Kwa hiyo chumba cha Lamu na chumba cha Kuwait vilipimwa kwa mti mmoja. Sisi tulipokea zulia, wao wakapokea dari. Ni vizuri kulikumbuka hilo tunapobishana ni pambo gani lililo letu na lipi la kuja. Kilichokuja kilikaa kwa sababu kilipata ukuta uliokuwa tayari kukipokea.

Lakini zulia lilikuwa la wachache. Pambo la nyumba zote, za mawe na za udongo, lilikuwa mkeka, na mkeka ulikuwa kazi ya wanawake. Makuti machanga ya mkindu yalikatwa, yakaanikwa juani mpaka yakawa meupe, yakachanwa chane nyembamba, na nyingine zikatiwa rangi kwenye chungu kinachochemka. Mmea wa mdaa ulitoa weusi. Rangi nyingine zilitoka kwa mimea ya shamba na mwitu, mpaka dukani zilipofika rangi za unga. Chane zikasukwa ukili, na ukili ukashonwa duara kwa duara mpaka ukawa mkeka. Mpangilio wa rangi haukuchorwa popote. Uliwekwa kichwani na vidoleni, na binti aliupata kwa kukaa karibu na mama yake jioni baada ya kazi. Ukitaka kujua pambo la maisha ya kila siku ni nini, litafute hapo: sanaa iliyofanywa mazungumzo yakiendelea, ikakaliwa, ikalaliwa, ikasaliwa juu yake, ikachakaa, ikasukwa nyingine.

Majamvi nayo yalikuwa na msimu wao. Karafuu ilipandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na baada ya kimbunga cha Aprili 1872 kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyoshika uongozi. Vikonyo huchumwa vikiwa vimeanza kutoka kijani kuingia wekundu. Vikianikwa juani hupita kwenye hudhurungi mpaka kufika weusi mwekundu ambao hauna jina jingine isipokuwa rangi ya karafuu. Kwa majuma kadhaa uwanja wa mbele wa nyumba huwa ni zulia linalobadilika kila siku, na harufu yake huingia mpaka kwenye mito. Hakuna fundi aliyelipanga zulia hilo.

Hata hivyo mikono iliyoichuma karafuu katika sehemu kubwa ya karne ile haikuwa huru. Kadhalika mikono mingi iliyobeba mawe, kukata boriti na kuchoma chokaa ya nyumba tunazozisifu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa ikaondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Kabla ya hapo, aliyekuwa mtumwa alijulikana kwa mavazi yake: merikani, kitambaa kikavu kisichotiwa rangi kilicholetwa na Wamarekani, na kaniki iliyoiva weusi wa nili. Kunyimwa uhuru kulikuwa pia ni kunyimwa rangi.

Kwa hiyo kanga inapaswa kutajwa katika historia ya nyumba, wala si ya mavazi peke yake. Ilianza katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, leso zilipounganishwa na kushonwa kuwa nguo moja, kisha viwanda vya ng'ambo vikachapisha nguo nzima yenye pindo, mji na baadaye jina, ambalo mwanzo liliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Wanawake waliotoka utumwani waliiacha kaniki wakaishika kanga. Ng'ambo ya Unguja, kwenye nyumba za udongo ambazo hazikuwa na zidaka wala sahani za Kichina, kanga iliteremka kutoka mabegani ikawa pazia la mlango, shuka ya kitanda, mfuniko wa kawa, pambo la chumba cha bibi arusi. Kisutu, chenye wekundu, weusi na weupe, ndicho kilichopewa heshima ya siku ya arusi. Nacho, tazama, kina zile rangi tatu tu ambazo lugha yetu haikuziazima. Kwa mara ya kwanza aliyekuwa hana kitu alikuwa na rangi anayoichagua mwenyewe, na akaweza kuibadilisha kila kanga mpya ilipotoka.

Ukiziweka habari hizi pamoja, utaona kwamba nyumba ya pwani haikuwahi kupambwa ikamalizika. Chokaa ilipakwa tena Idi ikikaribia. Mkeka ulibadilishwa. Asumini na vilua viliwekwa vikiwa vibichi, vikanyauka kesho yake, vikatafutwa vingine. Chetezo kikatiwa udi mgeni akibisha hodi. Pambo lilikuwa ni tendo linalorudiwa, kama sala na kama kilimo.

Tendo hilo likikoma, ukuta wenyewe huumia, na hapa sisemi kwa mfano. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa unyevu wa masika na chumvi ya bahari, kisha huutoa kiangazi kikifika. Chokaa huuacha upumue. Katika karne ya 20 tulianza kuufunika kwa saruji na rangi ya mafuta, tukitaka kupaka mara moja tu na tupumzike. Unyevu uliokuwa ukitoka ukafungiwa ndani, chumvi ikala jiwe, ncha za boriti zikaoza, na plasta ikabanduka pamoja na kipande cha ukuta. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Mamlaka ya kuuhifadhi Mji Mkongwe ilikuwa imeundwa tangu 1985. Orodha na mamlaka ni vitu vya lazima. Lakini tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Sitaki kulibebesha jambo hilo sababu moja. Nasema tu kwamba jina kubwa halizuii ukuta kuanguka, na kwamba nyumba huishi kwa mkono unaorudi kila mwaka.

Basi mwenye nyumba wa leo, awe na jengo la mawe au vyumba viwili vya kupanga, afanye nini? Hatuwezi kurudi kwenye zidaka, wala si wote tungetaka kurudi kwenye nyumba zilizojengwa kwa jasho lisilolipwa. Tunachoweza kurudisha ni lile swali la wakati. Kaskazi ikivuma na maembe yakiiva, nyumba hutaka wepesi: pazia la kanga nyembamba, mkeka mtupu, sahani ya matunda katikati, ambayo ni rangi tosha. Masika yakitanda na ua ukawa kijani mpaka kwenye kuta, dirisha lililofunguliwa ni picha. Kipupwe kikiingia, toa damu ya mzee na kahawia, rangi zenye joto. Na kabla ya Idi, kwa msimu wowote itakaoangukia, mwenye ukuta wa zamani anunue chokaa, si saruji, awaite watoto washike brashi.

Waswahili walisema nyumba njema si mlango. Milango yetu ya nakshi imeshapigwa picha za kutosha. Kazi iliyobaki iko ndani, kwa anayesuka ukili na anayejua chokaa imelainika au bado. Wapo, nao hawajaisha, wanangoja kazi.