Maktaba za Vijijini: Kitabu Kinapokutana na Kazi

Kabla ya vijiji vya Afrika Mashariki kuwa na majengo ya maktaba, vilipata masanduku. Shirika la vitabu la East African Literature Bureau, lililoundwa mwaka 1948, lilipeleka masanduku ya vitabu kwenye shule na vituo vya jamii, na likawaazima wasomaji wa mbali vitabu kwa njia ya posta. Waliofikiwa walikuwa wachache, lakini ilidhihirika kwamba kitabu kinaweza kumfuata msomaji alipo.

Serikali za uhuru zilichukua jukumu hilo mapema. Tanganyika ilitunga sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, Kenya ikafuata mwaka 1965. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua maktaba kuu ya Dar es Salaam. Hata hivyo, wakati huo takriban theluthi mbili ya watu wazima Tanzania hawakujua kusoma na kuandika, na wengi wao waliishi mashambani.

Jibu lilianzia kanda ya Ziwa. Mradi wa elimu ya watu wazima ulioanza Mwanza mwaka 1968, kwa msaada wa UNESCO, ulifundisha kusoma kupitia kazi za watu: kilimo cha pamba na migomba, ufugaji, uvuvi. Maktaba za vijiji zilianzishwa ili aliyejua kusoma asisahau.

Mwaka 1973 kampeni ya kitaifa ya afya, Mtu ni Afya, ilivuta watu wapatao milioni 2. Kwa wiki 12 walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kitabu cha kampeni kwa sauti, wakajadili malaria, kichocho, safura na maji machafu. Kisha walishika majembe: wakachimba vyoo, wakafyeka nyasi, wakafukia madimbwi. Hiyo ilikuwa sayansi kamili. Walichunguza chanzo cha ugonjwa, wakachukua hatua, wakaona matokeo kwenye mazingira yao wenyewe.

Mafanikio hayo yalikuwa na pengo. Rafu za maktaba za vijiji zilipangwa kwa ajili ya mtu mzima. Kijana aliyemaliza darasa la saba alikuta vitabu vya mbolea na lishe, lakini hadithi, tamthilia na vitabu vya michoro vilikuwa haba. Tena uchumi ulipoyumba baada ya vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda, karatasi na fedha za kigeni viliadimika. Vitabu vilichakaa bila kupata mbadala, na maktaba nyingi za vijiji zikadorora.

Juhudi za miaka ya 1990 zilianza kuziba pengo hilo. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza Tanzania mwaka 1991, uliwahakikishia wachapishaji soko kwa kununua sehemu ya nakala na kuzigawa. Waandishi na wachoraji wa Kiswahili wakapata kazi, watoto wakapata hadithi zenye sura za nyumbani kwao. Kule Garissa, Oktoba 1996, huduma ya maktaba ya taifa ya Kenya ilianza kutumia ngamia kuwafikia wafugaji. Ngamia mmoja alibeba vitabu vipatavyo 400 katika masanduku mawili, mwingine hema. Msafara ulipofika shuleni, hema lilisimamishwa, mikeka ilitandikwa, na watoto walijichagulia wenyewe cha kusoma. Jamii inayohama nayo ilipata maktaba inayohama.

Katika historia hii yote, maktaba ya kijijini ilistawi pale kitabu kilipoungana na kazi ya mikono, na ilidhoofika ilipokosa fedha za kupata vitabu vipya. Vijana wa leo wanastahili maktaba ya kudumu, yenye fungu la kila mwaka la vitabu vipya katika bajeti ya halmashauri au kaunti, na mkutubi anayelipwa. Ndani yake pawe na meza ya kupimia udongo na maji ya kisima, na nafasi ya kuchora, kuigiza na kuandika masimulizi ya wazee. Bibi na babu zao walisoma kuhusu kichocho wakaenda kuchimba choo. Wajukuu hawapaswi kupewa elimu pungufu ya hiyo.