Nguzo za Coalbrook: somo la mwaka 1960 kwa wachimbaji wa Maniema

ALUNGULI, KINDU – Barabara inayotoka Alunguli, ng'ambo ya kuume ya mto Lualaba, inafika Kalima. Huko sosieti ya Symétain iliundwa mwaka 1932 kwa kazi ya kasiterite. Mwaka 1976 sosieti za madini ziliungana zikawa SOMINKI. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka, kazi ikabaki kwa wachimbaji wa mkono. Familia iliyokimbia vita bila shamba, mara nyingi kijana wake huishia shimoni, na hakuna injinia wa kumweleza kwa nini shimo linaporomoka.

Afrika Kusini ililijua jibu kwa machozi. Katika mgodi wa Coalbrook, tabaka la makaa ya mawe lilikuwa nene. Watu walichimba vyumba, wakaacha nguzo za makaa zibebe uzito wote wa ardhi ya juu. Kisha, kwa kutafuta tani nyingi zaidi, wakakata makaa ya dari. Nguzo zikawa ndefu, nguvu zikapungua.

Tarehe 28 mwezi wa 12 mwaka 1959 sehemu moja iliporomoka. Kazi ikaendelea. Tarehe 21 mwezi wa kwanza 1960, miezi 5 kabla ya uhuru wa Kongo, nguzo zilianza kuvunjika. Iliyovunjika ilimtupia jirani yake mzigo, naye akashindwa, hivyo hivyo hadi mamia. Watu zaidi ya 400 walikufa, wengi wao vibarua kutoka Lesotho na Msumbiji. Miili yao ingali chini.

Baada ya msiba huo, wataalamu Salamon na Munro walichambua mifano 125 ya nguzo, zilizosimama na zilizoanguka. Mwaka 1967 walitoa hesabu yao: nguzo ya upana uleule, ikiongezwa kimo mara 2, hupoteza zaidi ya theluthi moja ya nguvu.

Udongo wa Kalima si makaa, na hesabu hiyo haipimi shimo la huku. Lakini uzito haupotei: ukikata nguzo, unahamia kwa nyingine. Ubavu ukimenyeka, miti ya kuegemeza ikilia, mchanga ukimwagika kutoka juu, watu watoke wote, hata kama mawe mazuri yameonekana. Coalbrook ilionya siku 24 mapema.