Wakati raia wanapiga kura juu ya kizimba cha kuku: California na sheria zake za mifugo

Kwetu kura inajulikana kwa mambo mawili: kuchagua watu, na ile referendumu ya mwezi wa kumi na mbili 2005 iliyotuletea Katiba. Lakini kuna majimbo ya Marekani ambako raia wanaitwa kupiga kura juu ya jambo dogo kama ukubwa wa kizimba cha kuku. Ndogo kwa kuangalia tu. Kura hizo zimegusa bei ya mayai, mifuko ya wafugaji na hata kufika kwenye Mahakama Kuu ya nchi.

Namna inavyofanyika ni hii. Katika California, raia wanaotaka sheria mpya wanakusanya sahihi. Zinapofika asilimia 5 ya kura zote zilizopigwa mara ya mwisho kumchagua gavana, swali linawekwa kwenye karatasi ya kura: ndiyo au hapana. Wabunge hawaulizwi. Huku kwetu, kipengele cha 218 cha Katiba kinaruhusu watu 100.000 kuomba kwa petisyo Katiba ibadilishwe, lakini petisyo yenyewe inapelekwa Bungeni. Tofauti ni kubwa.

Tarehe 4 mwezi wa 11 mwaka 2008, siku ile Obama alichaguliwa, wakaaji wa California walipewa swali lililoitwa Proposition 2. Lilihusu wanyama watatu: kuku wa mayai, nguruwe jike mwenye mimba, na ndama wanaofugwa kwa nyama. Sheria iliomba mnyama aweze kulala, kusimama, kunyoosha viungo vyake na kujigeuza. Basi. Mufugaji wa Masisi au wa Kabare anaweza kushangaa: mnyama gani hawezi kujigeuza? Kumbe katika mashamba makubwa ya kule, kuku alikuwa anapewa nafasi ya karibu centimetre 430 za mraba, chini ya karatasi ya kawaida ya ofisi, ndani ya kizimba cha waya pamoja na wenzake. Mabawa hayafunguki. Nguruwe mwenye mimba naye alikuwa anafungiwa kwenye chuma cha upana wa centimetre 60 hivi. Anasimama, analala, kugeuka hapana.

Wafugaji wakubwa walipinga. Walisema bei ya mayai itapanda, na mayai ya bei rahisi yataingia kutoka nje, hata kutoka Mexico, ambako hakuna sheria kama hiyo. Hoja hiyo haikuwa ya uongo, na mtu yeyote anayefuga kuku hapa mashariki wakati mayai ya nchi jirani yanajaa sokoni anaielewa bila kufafanuliwa. Hata vile, asilimia 63 walisema ndiyo. Wafugaji walipewa miaka sita, mpaka tarehe 1 mwezi wa kwanza 2015.

Mwaka 2010 Bunge la jimbo likajibu ile hoja ya ushindani: yai lolote linalouzwa California, litoke wapi, lazima kuku wake awe alifugwa kwa kanuni zilezile. Ila sheria ya 2008 ilikuwa na shimo: haikutaja kipimo. Kila mtu alitafsiri neno "kujigeuza" namna yake. Ndipo mwaka 2018 wakarudi kwa kura na Proposition 12, mara hii wakiwa na vipimo: kuku wasifungwe tena katika vizimba, nguruwe jike apate karibu mita 2,2 za mraba, ndama karibu mita 4. Tena nyama ya nguruwe isiyofuata vipimo hivyo isiuzwe ndani ya jimbo. Karibu asilimia 63 tena walikubali. Kuna watetezi wa wanyama walioipinga pia, juu iliacha vizimba viendelee miaka mingine.

Hapo ndipo moto uliwaka. California inakula karibu asilimia 13 ya nyama ya nguruwe ya Marekani, lakini yenyewe haifugi nguruwe wengi. Wanatoka Iowa na majimbo mengine, ambako watu hawakupiga ile kura. Chama cha wafugaji wa nguruwe kilishitaki: inakuwaje jimbo moja lituamulie namna ya kujenga mabanda yetu? Tarehe 11 mwezi wa 5 mwaka 2023, Mahakama Kuu iliwakatalia, waamuzi 5 kwa 4. Muamuzi Neil Gorsuch, aliyeandika hukumu, alisema Katiba haikuja kuamua ni nyama gani ya nguruwe iuzwe California. Tangu mwezi wa kwanza 2024, sheria inafanya kazi yote.

California haikuwa peke yake. Florida ilianza mwaka 2002 juu ya nguruwe, Arizona ikafuata 2006, na Massachusetts 2016 kwa zaidi ya asilimia 77.

Bei ya mayai ilipanda kweli, lakini mafua ya ndege yaliyoua mamilioni ya kuku yalichangia sana, na kutenganisha sababu hizo mbili si rahisi. Mwezi wa 7 mwaka 2025, serikali kuu ya Marekani ilishitaki California juu ya sheria za mayai, ikisema ndizo zinaumiza mnunuzi. Katika nguruwe, mambo yamegeuka kidogo: baadhi ya wafugaji waliokwisha kutoa pesa nyingi na kujenga mabanda mapya sasa ndio hawataki sheria ifutwe.